Mbebaji Si Mgonjwa: Selimundu na Malaria ya Watoto, Mwongozo kwa Wazazi wa Gachoka

Mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Mtoto aliyerithi jeni mbili anaweza kuuawa na malaria hiyo hiyo upesi kuliko watoto wengine. Wawili hawa wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja, wakilala chini ya neti moja, na wazazi wao wasijue yupi ni yupi.

Kuna kauli inayosikika mara nyingi kwamba mwenye sikoseli, yaani selimundu, hapatwi na malaria. Kauli hiyo inachanganya hali mbili tofauti kabisa, na mchanganyiko huo unagharimu maisha ya watoto. Makala haya yanaeleza tofauti iliyopo, yanaonyesha jinsi mwili unavyopambana na malaria, kisha yanataja hatua ambazo mzazi anapaswa kuchukua.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Gachoka iko Mbeere Kusini, Kaunti ya Embu, kwenye nyanda kavu zinazoteremka kutoka Mlima Kenya kuelekea Mto Tana. Kule juu, Manyatta na Runyenjes, kwenye majani chai na kahawa, baridi huwasaidia watu: vimelea vya malaria kali vinashindwa kukomaa ndani ya mbu halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 16 hadi 18. Huku chini kwenye mtama, pojo na muguka, joto lipo karibu mwaka mzima, na kinachomzuia mbu ni ukosefu wa maji tu. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, kizuizi hicho huondoka.

Yapo pia maji yasiyosubiri mvua. Kando ya Tana yalijengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Upande wa Kirinyaga kuna mashamba ya mpunga ya Mwea. Kingo za maji yaliyotulia na mashamba yaliyofurika ni mahali ambapo mbu hutaga mayai.

Malaria ya msimu ina hatari yake. Mtoto anayekulia mahali ambapo malaria ipo kila mwezi huumwa mara nyingi, na akinusurika mwili wake hujifunza kupambana. Mtoto wa mahali ambapo malaria huja na kuondoka hakosi tu kuumwa, hukosa pia mafunzo hayo. Inapomjia, inaweza kumwangusha haraka, hata kama ameshafikisha umri wa kwenda shule.

Kuhusu selimundu, wengi wa huku huiona kuwa ni ugonjwa wa watu wa ziwani na wa pwani. Ni kweli jeni hiyo imeenea zaidi huko. Lakini watu wanahama, wanafanya kazi mbali na kwao, na wanaoana. Kijana wa Mbeere anaajiriwa Mombasa au Kisumu na kurudi na mke. Mwalimu, askari au mvuvi kutoka mbali anakuja kufanya kazi huku na kuanzisha familia. Jeni husafiri pamoja na watu, na mtoto hazuiwi kuirithi kwa sababu ya jina la ukoo wake.

Uchunguzi ulioanza na safari ya Mlima Kenya

Mwaka 1949 msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford ulikuja Mlima Kenya. Mmoja wa wasafiri alikuwa Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Kenya. Alizunguka nchini akichukua damu ya watu wa jamii mbalimbali, na akaona jambo la ajabu. Karibu na pwani na karibu na Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wamebeba jeni moja ya selimundu. Katika nyanda za juu zilizo katikati, hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Swali lilikuwa zito. Watoto waliorithi jeni mbili wakati huo walikufa mapema, kabla ya kuzaa. Jeni inayoua hivyo ilipaswa kupungua kizazi baada ya kizazi. Kwa nini ilikuwa imejaa pwani na ziwani? Allison aligundua kwamba ramani ya jeni hiyo ilifanana na ramani ya malaria. Aliendelea kuchunguza watoto wa Uganda, na mwaka 1954 akatangaza kwamba waliobeba jeni moja hulindwa dhidi ya malaria kali. Mahali penye malaria nyingi, mbebaji alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi hadi kuwa mzazi, naye akairithisha jeni yake. Nyanda za juu, ambako malaria ilikuwa haba, jeni hiyo haikuwa na faida ya kuifanya ienee.

Kwa hiyo selimundu si laana, si uchawi, wala si adhabu ya kosa la mama. Ni alama ambayo malaria iliiacha katika damu ya binadamu kwa maelfu ya miaka.

Mtoto anairithi vipi?

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Kila mtu hurithi maelekezo ya kuitengeneza kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Himoglobini ya kawaida huitwa A. Ile ya selimundu huitwa S, na inatofautiana na A katika sehemu moja ndogo mno ya mnyororo wa protini hiyo. Badiliko hilo dogo linatosha kuifanya S ishikamane na kuwa nyuzi ngumu oksijeni inapopungua, na chembe ya damu hujikunja mfano wa mundu.

Hali ni tatu:

- AA: himoglobini ya kawaida kutoka kwa wazazi wote wawili.
- AS: jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu. Huyu ni mbebaji. Si mgonjwa, na kwa kawaida huishi maisha kamili bila kujua.
- SS: jeni mbili za selimundu. Huyu ana ugonjwa wa selimundu.

Baba na mama wakiwa wote AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto SS, nafasi 2 kati ya 4 za mtoto AS, na nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto AA. Hesabu hii huanza upya kwa kila mimba. Kupata mtoto mmoja mgonjwa hakumaanishi kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Mzazi mmoja akiwa AS na mwenzake AA, hakuna mtoto wao atakayekuwa SS, lakini kila mmoja ana nafasi ya nusu ya kuwa mbebaji.

Jambo moja liwekwe wazi katika kila boma: mtoto SS hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Kumlaumu mama peke yake, au kumrudisha kwao, ni dhuluma isiyo na msingi wowote katika elimu ya damu.

Mwili wa mbebaji unavyoikabili malaria

Mbu akimuuma mtoto, vimelea vya malaria huenda kwanza kwenye ini, kisha huingia ndani ya chembe nyekundu, hula himoglobini, huzaliana, na kuipasua chembe ili viingie katika nyingine. Malaria inakuwa kali hasa chembe zilizoambukizwa zinaponata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo, na kuzuia damu kupita.

Kwa mtoto AS, mapambano haya huenda tofauti kwa njia kadhaa:

- Vimelea hukua kwa shida ndani ya chembe zake, hasa mahali ambapo oksijeni imepungua mwilini.
- Chembe zilizoambukizwa hujikunja upesi kuliko zile nzima, na bandama huzitambua na kuziondoa pamoja na vimelea vilivyomo.
- Protini ambayo kimelea huitumia kuinatisha chembe kwenye ukuta wa mshipa haijipangi vizuri juu ya chembe yenye S. Hivyo mishipa ya ubongo na viungo vingine haizibiki kwa urahisi.
- Kinga inayojengwa na mwili nayo inachangia. Watafiti wa Kilifi waliripoti mwaka 2005 kwamba ulinzi wa mbebaji dhidi ya malaria ya kawaida ulikuwa takriban asilimia 20 katika miaka miwili ya kwanza, ukapanda hadi asilimia 56 mtoto alipofikisha miaka 10. Kupanda huko kunaonyesha kwamba himoglobini haifanyi kazi peke yake. Inaelekea kuusaidia mwili kujifunza upesi zaidi kumtambua adui.

Matokeo yake ni makubwa. Utafiti mwingine wa Kilifi, wa mwaka huo huo, ulionyesha kwamba kuwa mbebaji kulipunguza malaria ya kawaida kwa takriban nusu, kulazwa hospitalini kwa ajili ya malaria kwa takriban robo tatu, na malaria kali kwa karibu asilimia 90. Huko Asembo, kando ya Ziwa Viktoria, utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ulinzi huo uliokoa maisha hasa kati ya miezi 2 na 16, umri ambao malaria humaliza damu ya watoto wachanga.

Mahali ulinzi huo unapokomea

Yasome matokeo hayo kwa makini. Mbebaji hulindwa zaidi dhidi ya kufa kuliko dhidi ya kuambukizwa. Mbu atamuuma, vimelea vitaingia, na anaweza kupata homa ya malaria. Anaweza pia kuwa na vimelea bila dalili, na mbu akavichukua na kuvipeleka kwa mtoto mwingine nyumbani. Ulinzi dhidi ya malaria ya kawaida ndio mdogo zaidi katika miaka miwili ya kwanza.

Zaidi ya hayo, hakuna jeni inayofanya kazi peke yake. Pwani ya Kenya watu wengi wana badiliko jingine la himoglobini liitwalo alpha-thalasemia, ambalo nalo hulinda dhidi ya malaria kali. Ungedhani mtoto mwenye yote mawili ana ulinzi maradufu. Watafiti wa Kilifi waligundua kinyume: yanapokutana katika mtoto mmoja, ulinzi unapungua sana au kutoweka.

Basi karatasi ya maabara inayosema AS isimfanye mzazi yeyote amwondolee mtoto neti, au aipuuze homa yake.

Mtoto mwenye SS: homa yake ni dharura

Kwa mtoto SS mambo yanageuka. Chembe zake za damu hupasuka haraka hata siku ambazo haumwi, kwa hiyo anaishi na damu kidogo kila siku. Malaria ikiongeza kupasua zilizobaki, damu inaweza kushuka hadi kiwango cha kuua kwa muda mfupi. Homa na upungufu wa maji mwilini pia huamsha maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo.

Bandama yake nayo, ambayo kazi yake ni kuchuja vimelea na bakteria, huharibika tangu utotoni kwa kuzibwazibwa na chembe zilizojikunja. Ndiyo maana homa ya mtoto SS ni dharura hata kipimo kikionyesha kwamba hana malaria. Huenda ni bakteria walioingia kwenye damu, nao huua kwa saa chache.

Dalili za ugonjwa hazionekani kwa mtoto mchanga kwa sababu bado ana himoglobini aliyozaliwa nayo. Huanza kujitokeza karibu na miezi sita. Mpeleke mtoto akapimwe ukiona:

- viganja na nyayo vimevimba na vinauma;
- macho yana rangi ya manjano mara kwa mara;
- damu inapungua tena na tena, hata baada ya kutibiwa malaria;
- maumivu ya mikono, miguu au mgongo yasiyo na jeraha;
- tumbo limevimba upande wa kushoto, ilipo bandama;
- udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, ambao ni dalili ya kiharusi na unahitaji hospitali mara moja.

Katika sehemu kama yetu, mtoto anayerudi zahanati kila mwezi akiwa na homa na damu kidogo huambiwa ni malaria, kisha malaria tena. Mzazi ana haki ya kuuliza: "Daktari, je, mtoto huyu amepimwa selimundu?"

Kipimo gani?

Kipo kipimo rahisi kinachoonyesha tu kama damu ina S. Hakitofautishi AS na SS, na kinaweza kukosea kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Kipimo kinachotoa jibu kamili ni kile kinachotenganisha aina za himoglobini, kiitwacho elektroforesisi ya himoglobini. Vipo pia vipimo vya haraka vya tone la damu vinavyoweza kutofautisha AA, AS na SS bila mashine kubwa.

Uliza kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Kiritiri. Kama kipimo hakipo, omba barua ya kukupeleka Hospitali ya Embu Level 5. Kama mtoto ameongezewa damu hivi karibuni, mweleze mhudumu, kwa sababu damu ya mtu mwingine inaweza kupotosha majibu kwa miezi kadhaa. Majibu yakitoka, yaandikwe kwenye kijitabu cha kliniki cha mtoto ili kila atakayemtibu ayaone.

Wachumba nao wanafaidika wakipima kabla ya kuoana. Lengo si kuvunja uchumba. Lengo ni kwamba wawili walio AS wajue mapema, wapate ushauri, na kila mtoto wao apimwe angali mchanga.

Mtoto akipata homa, fanya hivi

1. Mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Homa nyingi si malaria, na dawa isiyohitajika huficha ugonjwa halisi. Wahamasishaji wa afya ya jamii walioko vijijini wanaweza kukuelekeza.
2. Kama ana SS, sema hivyo mlangoni. Usikae kwenye foleni ukisubiri kuitwa. Homa ya nyuzi 38 au zaidi inatosha kumfanya aonwe kwanza.
3. Malaria ikithibitishwa, maliza dozi. Dawa ya kawaida nchini ni AL (artemetha-lumefantrini). Hutolewa mara sita kwa siku tatu: ya kwanza mara moja, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta ili iingie mwilini vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi hiyo, nawe urudi kituoni uongezewe vidonge vya kufidia.
4. Mnyweshe maji mara kwa mara. Anayenyonya anyonyeshwe zaidi.
5. Kimbilia hospitali, mchana au usiku, akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au asiamke vizuri, akipumua kwa shida, viganja vikiwa vyeupe, au mkojo ukiwa mweusi kama kahawa. Malaria kali hutibiwa kwa sindano, si kwa vidonge vya nyumbani.

Kumlea mtoto mwenye SS

Mtoto mwenye ugonjwa huu anahitaji kuhudhuria kliniki daima. Watoto wadogo hupewa penisilini kila siku hadi umri wa miaka mitano ili kuzuia bakteria, pamoja na asidi ya foliki ya kusaidia kutengeneza damu. Nchini Kenya hupewa pia proguanili ya kila siku ya kuzuia malaria. Chanjo zote, hasa ya nimonia, zikamilishwe kwa wakati.

Muulize daktari kuhusu haidroksiurea. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 uliowahusisha watoto wa Kilifi, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na vifo, na pia visa vya malaria vilipungua kwa takriban nusu. Inahitaji kupimwa damu mara kwa mara, kwa hiyo isitumiwe bila usimamizi wa daktari.

Nyumbani, mtoto alale chini ya neti iliyotiwa dawa kila usiku, hata wakati wa kiangazi, na hata familia inapolala nje kwa sababu ya joto. Anywe maji ya kutosha, na apewe chupa ya maji ya kwenda nayo shuleni. Avae nguo za kujikinga asubuhi za baridi za Julai. Mwalimu aambiwe kwamba mtoto huyu asizuiwe kunywa maji au kwenda msalani, na asiadhibiwe kwa kukimbizwa.

Mbebaji hahitaji dawa yoyote. Ajihadhari tu na mazoezi makali akiwa hana maji mwilini, na kabla ya kupanda Mlima Kenya hadi sehemu za juu azungumze na daktari, kwa sababu uchache wa oksijeni huko umewahi kudhuru bandama za baadhi ya wabebaji. Akiona damu kwenye mkojo, aende hospitali.

Kabla ya mvua zijazo

Mambo matatu yanaweza kufanywa sasa, mbu wakiwa wachache. Kagua neti za nyumba nzima, ushone zilizotoboka na uulize kituoni kuhusu mpya. Fungua kijitabu cha kliniki cha kila mtoto uone kama hali yake ya himoglobini imeandikwa. Kama haimo, na hasa kama katika ukoo wa baba au wa mama kuna aliyewahi kuugua selimundu au watoto waliofariki mapema kwa kuishiwa damu, omba kipimo. Kisha hakikisha kwamba kila anayebaki na mtoto, awe nyanya, shangazi au kaka mkubwa, anajua kuwa homa haisubiri kesho, na anajua nauli ya kufika hospitali imewekwa wapi.

Damu ya AS ilisaidia watu wa kale kuishi mahali pasipokuwa na neti, kipimo wala dawa. Leo vyote vitatu vipo, navyo vinamfaa mtoto wa kila aina: AA, AS na SS. Kazi yetu ni kuhakikisha vinamfikia kwa wakati.